Wilhelm von Humboldt, mwanaisimu aliyeiwekea Leta mipaka

Katika kozi za isimu jina la Wilhelm von Humboldt linapita haraka. Tunaambiwa kwamba kwake lugha ni kazi inayoendelea akilini na vinywani mwa watu, wala si chombo kilichokwisha kutengenezwa, tena kwamba kila lugha ina namna yake ya kuutazama ulimwengu. Baada ya hapo mwalimu anahamia kwa Saussure. Lakini yuko Humboldt mwingine, ambaye wenzetu wa sheria na wa siasa wanamjua kuliko sisi: kijana ambaye, akiwa na miaka 24 na 25, aliandika kitabu cha kuuliza serikali inapaswa kuishia wapi. Mimi pia nina miaka 24, na tangu nimesoma kitabu hicho katika tafsiri ya Kifaransa, siwezi tena kumtenga mwanaisimu na mtetezi wa uhuru. Nitasimulia maisha yake kwa kufuata swali hilo moja, maana alilibeba mpaka ndani ya ofisi ya serikali yenyewe, na huko likamgeukia.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1767 huko Potsdam, mji wa makazi ya mfalme wa Prusia. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa dola nyingi kubwa na ndogo, na Prusia ilijulikana kwa jeshi lake na kwa makarani wake. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, kisha akatumikia nyumba ya kifalme. Mama yake alitoka katika ukoo wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa kwa ajili ya mateso ya dini. Baba alifariki mwaka 1779, na mama akawalea vijana wawili, Wilhelm na mdogo wake Alexander, katika nyumba yao ya Tegel karibu na Berlin. Alexander ndiye yule msafiri na mwanasayansi aliyepata sifa baadaye kwa safari zake za Amerika ya Kusini. Ndugu hao hawakukaa kwenye dawati la shule. Walifundishwa nyumbani na walimu waliolipwa na familia, mmoja wao Campe, mwingine Kunth.

Mwaka 1787 Wilhelm alianza masomo ya sheria katika chuo cha Frankfurt, ile iliyo kando ya mto Oder. Mwaka uliofuata akahamia Göttingen, ambako alipenda zaidi Kigiriki na falsafa ya Kant. Mwaka 1789 alifuatana na mwalimu wake wa zamani, Campe, hadi Paris. Walifika mwanzoni mwa Agosti, majuma machache baada ya wananchi kuivamia ngome ya Bastille. Campe alijaa furaha. Humboldt alifurahi kwa kiasi. Aliona kwamba watu wamemwangusha bwana mbaya, lakini alianza kujiuliza kama serikali mpya, iliyotaka kupanga kila kitu upya kwa akili tupu, ingewaacha watu kuwa walivyo. Alikuwa na sababu ya kuuliza, kwani kwao Prusia mambo yalikuwa yakikaza. Mwaka 1788 waziri Wöllner alitoa amri mbili: moja ilibana mafundisho ya dini, nyingine ikaweka wakaguzi juu ya vitabu.

Mwaka 1790 aliingia kazini katika mahakama ya Berlin. Baada ya mwaka mmoja tu aliiacha. Mnamo Juni 1791 alimwoa Caroline von Dacheröden, mwanamke msomi ambaye alikuwa mshauri wake hadi kifo, nao wakaenda kukaa kwenye mashamba ya ukoo wa mke. Jambo hili lisipitwe kimya: aliweza kuacha mshahara wa serikali na kukaa kusoma Kigiriki kwa sababu mashamba yalikuwako na wakulima walikuwa wakiyalima. Si kila kijana wa miaka 24 anaweza kujipa uhuru wa namna hiyo.

Mji uliokuwa karibu nao ni Erfurt, na mtawala wake alikuwa Dalberg, mtu wa kanisa na rafiki wa familia. Dalberg aliamini kwamba mtawala mwema ana wajibu wa kuwatafutia raia wake furaha: kuwaelekeza, kuwafundisha, kuwaponya na umaskini na tabia mbaya. Wawili hao walibishana mara nyingi, hata Dalberg akamwomba kijana aandike mawazo yake. Kitabu kikaandikwa mwaka 1792. Jina lake refu, kwa maana yake, ni mawazo kuhusu jaribio la kupima mipaka ya kazi ya serikali.

Hoja yake inaanza kwa mwanadamu, si kwa mfalme wala kwa bunge. Kusudi la mtu, anasema Humboldt, ni kuzikuza nguvu zake zote kwa namna inayopatana. Wajerumani wana neno Bildung kwa jambo hilo. Nimejaribu kulitafsiri kwa Kiswahili bila kuridhika. Elimu haitoshi, maana mtu anaweza kupewa elimu. Malezi hayatoshi, maana mtu analelewa na mwingine. Neno lililo karibu zaidi ni kujijenga, kwa sababu kile kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Ili mtu ajijenge, Humboldt anataka mambo mawili: uhuru, na hali nyingi zinazotofautiana. Hata mtu aliye huru, akiwekwa mahali ambapo watu wote wanaishi kwa namna moja, atakua upande mmoja tu.

Kutokana na hapo anaikataa serikali inayojitwika ustawi wa watu. Anatoa sababu kadhaa. Kwanza, mkono wa serikali ni mmoja, nao huwafanya wengi wafanane. Pili, mtu anayengojea msaada wa serikali hupoteza nguvu zake, tena huacha kumsaidia jirani, kwa kuwa anadhani wako waliowekwa kwa kazi hiyo. Tatu, kila kazi mpya ya serikali inahitaji watumishi wapya na karatasi mpya, hata mwisho wake wako watu wengi wenye akili ambao maisha yao yote ni kuzisukuma karatasi. Kwa hiyo serikali ibaki na kazi moja: usalama. Iwalinde raia na adui wa nje, na iwalinde wao kwa wao ili mmoja asivunje haki ya mwingine. Dini, tabia, ndoa, malezi ya watoto, hata shule, viachwe kwa watu wenyewe na kwa vyama ambavyo watu wanajiunga navyo kwa hiari.

Adam Smith wa Uskochi alikuwa amechapisha kitabu chake cha utajiri wa mataifa mwaka 1776, na wote wawili wanahesabiwa katika mkondo mmoja wa fikra. Lakini Smith anauliza hasa nchi inatajirika namna gani, na jibu lake ni soko lililo huru. Humboldt anauliza mtu anakuwa nani. Hata kama serikali ingeweza kuwapa raia mkate mwingi kuliko soko, yeye angeuliza watu hao wamekuwa watu wa namna gani kwa kulishwa.

Hapa natua kidogo, kwa sababu sisi wa lugha tunajua kwamba maneno yana kumbukumbu. Katika Kiswahili chetu cha Kongo tunasema Leta, neno lililotoka katika Kifaransa. Kabla yake watu walisema Bulamatari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley ambalo baadaye likawa jina la serikali nzima ya kikoloni. Msomaji mwenye neno hilo masikioni anaweza kudhani kwamba Humboldt anataka tu kumpunguza nguvu mvunja mawe. Sivyo. Usalama anaoudai si kitu kidogo. Mahali ambapo mkulima hana hakika kama atavuna alichopanda, na mchuuzi anatozwa njiani na kila mwenye silaha, Leta ya Humboldt haijaanza kazi yake hata siku moja. Serikali inayodai kushughulikia kila jambo na kushindwa kulinda njia ya sokoni imeshindwa mara mbili kwa kipimo chake. Kuipa serikali kazi chache ni kuibana izimalize.

Kitabu hakikutoka. Schiller alichapisha kipande katika jarida lake, na vipande vingine vikatoka katika gazeti moja la Berlin, lakini wakaguzi wa vitabu walileta shida, na mwandishi mwenyewe akaanza kusita. Akakifungia. Kilichapishwa kizima mwaka 1851, miaka 16 baada ya kifo chake. Mwaka 1854 kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na mwaka 1859 John Stuart Mill akachukua maneno yake na kuyaweka mwanzoni kabisa mwa kitabu chake kuhusu uhuru. Hivyo ndivyo karatasi za kijana wa 1792 zilivyoingia katika mabishano ya dunia.

Miaka iliyofuata aliishi Jena, karibu na Schiller na Goethe, kisha Paris kuanzia 1797. Kutoka huko alisafiri Hispania, na mwaka 1801 akarudi katika nchi ya Wabaski, mpakani mwa Hispania na Ufaransa. Safari hizo ndizo zilizomfanya mwanaisimu. Kibaski hakifanani na lugha yoyote ya jirani zake. Watu wachache, bila dola yao wenyewe, walikuwa wameitunza lugha hiyo kwa karne nyingi katikati ya falme mbili kubwa. Alikaa na wazee, mapadri na wakulima, akaandika maneno na sarufi. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu aliyetaka hali nyingi zinazotofautiana alivutwa na lugha kama hiyo.

Kuanzia 1802 hadi 1808 alikuwa mjumbe wa Prusia kwa Papa huko Roma. Humo alikusanya sarufi za lugha za Amerika zilizoandikwa na wamisionari, na mdogo wake alimletea nyingine kutoka safari zake. Humo pia alizika watoto wawili wa kiume, Wilhelm mwaka 1803 na Gustav mwaka 1807. Yeye na Caroline walizaa watoto wanane. Watatu walikufa wakiwa wadogo.

Wakati yuko Roma, Prusia ilivunjika. Mwaka 1806 Napoléon alilishinda jeshi lake karibu na Jena, na mwaka 1807 mkataba wa Tilsit ukainyang'anya nchi hiyo karibu nusu ya ardhi yake, pamoja na chuo kikuu cha Halle. Wale waliotaka kuijenga upya walimwita Humboldt. Mnamo Februari 1809 mtu aliyeandika kwamba shule si kazi ya serikali akawa mkuu wa idara ya serikali inayosimamia shule zote za Prusia.

Wengine wanasema alijikana. Mimi naona alijaribu kuingiza mipaka yake ndani ya ofisi. Alitaka mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri waanze kwa masomo yaleyale ya jumla, yanayomjenga mtu, kabla ya kila mmoja kwenda kwenye ufundi wake. Maana yule anayefunzwa tangu utotoni kuwa chombo cha kazi moja hana pa kukimbilia kazi hiyo ikikosekana. Alipendelea gharama za shule zibebwe na jamii za mahali kuliko hazina ya mfalme. Na kwa chuo kikuu kipya cha Berlin, alichokiombea kibali mwaka 1809, aliweka wazo moja lililo wazi: serikali itoe mali, kisha iondoe mkono. Walimu na wanafunzi wote wako pale kwa ajili ya kutafuta maarifa, na maarifa hayajakamilika kamwe. Serikali ikiingia kati inakuwa kizuizi.

Mfalme alitoa jumba la kifalme na ahadi ya taleri 150,000 kwa mwaka, kwa chuo pamoja na akademia. Humboldt alitaka zaidi ya fedha za mwaka. Alitaka chuo kipewe mashamba ya kifalme yawe mali yake, ili mapato yake yasitegemee hali ya moyo ya waziri. Hata hivyo haki ya kuwateua maprofesa aliiacha mikononi mwa serikali, akiogopa ugomvi wa maprofesa wenyewe kwa wenyewe. Mlango huo mdogo alioufungua mwenyewe haukufungwa tena. Aliondoka ofisini katikati ya 1810, kwa sababu wakuu wa idara walinyimwa sauti kamili serikalini. Chuo kilifunguliwa Oktoba mwaka huohuo yeye akiwa hayupo. Wazo la mashamba likaachwa, na chuo kikabaki kungojea bajeti.

Sisi wa kitivo cha herufi hapa Lubumbashi tunalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, na vitivo vikagawanywa kati ya miji. Herufi zikaletwa Lubumbashi. Miaka kumi baadaye vyuo vikatenganishwa tena. Mara zote mbili uamuzi ulitoka juu. Ndiyo maana napata shida kuwajibu wenzangu wanaosema kwamba Humboldt ni anasa ya Wazungu. Lakini napata shida pia kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi baada ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliobeba walimu kwa mifuko yao, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa kuanza 2019. Watu walijitegemea kweli, na shule hazikufa. Hata hivyo mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na kitu alirudishwa nyumbani. Kitabu cha 1792 hakina neno kwa mtoto huyo. Humboldt wa 1809 analo, ingawa ni nusu: mafunzo ya msingi yaleyale kwa wote. Katika hilo namfuata mtu wa ofisini, simfuati kijana wa mashambani.

Katika 1809 hiyohiyo aliandika pia maoni ya kutaka Wayahudi wa Prusia wapewe haki zote za raia mara moja, si kidogokidogo kama tuzo ya tabia njema. Hoja yake ilikuwa ileile: serikali haina kazi ya kuwalea watu mpaka iwaone wamestahili, kazi yake ni kuacha kuwatenga. Baadaye alikuwa balozi Vienna, akashiriki Mkutano wa Vienna wa 1814 na 1815, kisha akawa balozi London. Mwaka 1819 alirudi Berlin kuwa waziri. Mwaka huo dola za Kijerumani zilitoa amri za Karlsbad: ukaguzi wa magazeti, na msimamizi wa serikali katika kila chuo kikuu. Humboldt alizipinga. Tarehe 31 Desemba 1819 mfalme akamfukuza kazi.

Alirudi Tegel, na miaka 15 iliyobaki aliitoa kwa lugha. Mwaka 1820 alisoma mbele ya Akademia ya Berlin hotuba kuhusu ulinganishi wa lugha. Mwaka 1827 alizungumzia zile lugha zenye umbo la pekee kwa vitu viwili, nje ya umoja na wingi, na kutoka hapo akaonyesha kwamba msemo wowote una mimi na wewe ndani yake. Hakuna anayefikiri peke yake mpaka mwisho. Caroline alifariki mwaka 1829. Mikono ya Humboldt ikaanza kutetemeka, mwandiko ukawa mdogo, naye akaendelea na kazi yake kubwa juu ya Kikawi, lugha ya kale ya mashairi ya kisiwa cha Java. Kikawi kimejaa maneno ya Kisanskriti. Je, ni lugha ya Kihindi? Humboldt alionyesha kwamba sarufi yake ni ya visiwani, ya jamaa moja na Kimalei na hata Kimalagasi cha Madagaska. Anayesoma Kiswahili anaitambua hoja hii papo hapo: maneno ya Kiarabu ni mengi, sarufi ni ya Kibantu.

Lakini hapohapo ndipo ninapoachana naye. Aliamini kwamba lugha zinazoyeyusha mzizi na mwisho wa neno pamoja, kama Kigiriki na Kisanskriti, zinaisaidia fikra kuliko nyingine. Zile zinazobandika viambishi kimoja baada ya kingine alizipa cheo cha chini. Chukua neno letu hatutawaandikia. Lina kanusho, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na irabu ya mwisho, kila kimoja mahali pake, wala fikra haikukwama popote. Mtu aliyeikatalia serikali haki ya kuwapima watu kwa kipimo kimoja alizipima lugha zote kwa kipimo cha Kigiriki. Mabaya zaidi, wengine baada yake walilichukua daraja hilo la lugha na kulifanya daraja la watu.

Alifariki Tegel tarehe 8 Aprili 1835. Mdogo wake na msaidizi wake Buschmann wakachapisha kazi ya Kikawi kati ya 1836 na 1839. Mwaka 1949 chuo cha Berlin kikapewa jina la ndugu hao wawili, chini ya utawala wa Kisovieti wa upande wa mashariki, ambao haukujua mipaka yoyote ya mkono wake.

Ninachokichukua kwake ni hiki. Hakuna mfalme aliyetunga Kibaski, wala waziri aliyetunga Kiswahili cha Lubumbashi. Vimetengenezwa na mamilioni ya watu waliosemezana kila mmoja kwa shida zake, na bado vina kanuni zinazotufunga sote. Humboldt alikuwa na uthibitisho huo mbele ya macho maisha yake yote: watu wanaweza kujenga jambo kubwa lenye utaratibu bila kuamriwa. Serikali inayotaka kusaidia lugha zetu inaweza kulipa walimu, kuchapisha kamusi na kulinda barabara inayotupeleka vijijini kuzikusanya. Namna ya kusema, ituachie wasemaji.